Mshika Mnyororo

Mwaka ule nilikuwa mshika mnyororo.
Si karani, si mpimaji: mshika mnyororo,
kijana wa shilingi saba kwa siku
anayeshika ncha ya chuma na kusimama akiambiwa simama.
Tulifika Seme wiki ya mvua ya kwanza,
udongo mweusi ukining'ang'ania viatuni kama deni.

"Mpaka u wapi?" aliuliza Bwana Mukhwana,
kalamu sikioni, ramani kwapani.
Mama Dorsila hakumjibu. Alikuwa na kikapu cha mtama,
naye ndiye mikai, mke wa kwanza wa boma lile,
na mbegu yake ilikuwa haijashuka.
"Subirini. Shamba hili halijafunguliwa.
Nikishatia mimi atatia nyachira,
kisha reru, kisha wana kwa kufuatana kwao.
Ninyi na chuma chenu mtakuja nyuma ya kitinda mimba."

Bwana Mukhwana alicheka, kisha akaacha,
maana hapakuwa na wa kucheka naye.
Siku mbili tulikaa juu ya furushi la vigingi
tukila viazi vya watu,
tukitazama shamba likifunguliwa kwa zamu
kama mlango wenye makomeo mengi.

Siku ya tatu akatutembeza.
Hakuhesabu hatua, alihesabu watu:
"Hapa alilima mama mkwe, hadi penye kichuguu.
Hapa pamelala mwaka wa nne. Msipakanyage, pamechoka.
Hapa hupita ng'ombe wa wote kwenda ziwani,
hapana mwenyewe; mwenyewe ni yeyote mwenye kiu.
Na kule, nyuma ya ua wa mnyaa, ni kwa Ragen."

"Ragen ni ndugu yenu?"

"Ni jadak. Babu yake alikuja na jembe moja na mbuzi aliyekonda.
Babu wa mume wangu akamwambia, lima.
Hakumwambia, lima mpaka lini."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa jina.
Niliuona kwa macho yangu: mstari mmoja, wino wa buluu.
Haukuwa na mahali pa kuandika *lima*,
wala *pamechoka*, wala *mwenye kiu*.
Odindo, mwana wa kwanza, aliyekuwa na redio na haraka,
akataja jina lake polepole, herufi kwa herufi.
Mama yake alikuwa bado ameshika kikapu. Kilikuwa kitupu.

"Vuta," akasema Bwana Mukhwana.
Nikavuta.
Mnyororo ukapita juu ya kunde za Ragen,
changa, majani mawili mawili.
Ningeweza kuulegeza. Chuma hujipinda nyasini, nani angejua?
Ningeweza kusimama upande huu wa mnyaa.
Nilisimama upande ule,
na kwa kuwa ardhi ilikuwa tepetepe
Ragen mwenyewe alikuja akanishikia kigingi kisiyumbe
nilipokuwa nikikipigilia.
Alidhani tunampimia shamba lake.
Akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi niko Nakuru, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha unga,
futi hamsini kwa mia, hati imo sandukuni chini ya kitanda.
Mvua ikianza hutoka na bakuli la mahindi,
nikasimama kizingitini kama mgeni.
Nani atangulie? Mke wangu amelala Manyani, makaburini,
wanangu hununua unga.
Basi hutupa mbegu upesi upesi, kama mtu anayeiba.

Mwaka juzi nilipita Seme kwa msiba.
Kigingi sikukiona. Mahindi ya mtu yamepafunika.
Lakini ule mnyaa upo, umekuwa mrefu kuliko paa,
haumo katika ramani yoyote,
na watoto waliozaliwa jana, wasiomjua mtu wa jina hilo,
waliponielekeza njia walisema:
pita Kwa Ragen, halafu kata kushoto.

Nilivunja kijitawi, sijui kwa nini.
Utomvu ukanimwagikia mkononi, mweupe,
ukaniwasha hadi usiku.